Mtoto wa baba mkubwa: ni "brother" au "cousin"?

"Nilizaliwa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, wazazi wangu walitokea Fizi, Congo. Baba alifariki nikiwa na miaka mitatu, nikalelewa na baba mkubwa pamoja na watoto wake wanne. Hao ndio kaka na dada zangu, sina wengine. Sasa niko Marekani mwaka wa tano, nafanya kazi mchana, jioni nasoma Kiingereza. Juzi darasani nilisema 'my cousin brother', mwalimu akanisahihisha mbele za watu kwamba Kiingereza hakisemi hivyo. Hospitalini nimepewa fomu ya magonjwa ya ukoo inayouliza 'siblings', yaani kaka na dada. Tena kaka yangu mkubwa bado yuko kambini na nataka kumleta. Mama mmoja wa kanisani ananiambia niandike tu 'brother', eti 'cousin' ni binamu, na binamu ni mtu wa mbali. Mwenzangu kazini naye anasema mtoto wa kaka yangu ni 'first cousin once removed' kwangu. Ameondolewa kwa kosa gani? Naomba unieleze neno hili linaanzia wapi na kuishia wapi, maana kila nikilitamka naona namkana mtu aliyenibeba mgongoni."

Dada yangu, naanza na hilo la mwisho, kwa kuwa naona ndilo linalokuuma. Neno "cousin" halipimi mapenzi wala malezi. Linajibu swali moja tu: mzee mnayechangia aliye karibu zaidi yuko vizazi vingapi juu yenu? Kama ni baba au mama, nyinyi ni "brother" na "sister". Kama ni babu au bibi, nyinyi ni "cousins". Baba yako na baba mkubwa ni watoto wa mzee mmoja; wewe na kaka yako ni wajukuu wa mzee huyo. Kwa Kiingereza basi ni "cousin" wako, na angekuwa "cousin" wako vilevile hata kama hamjawahi kuonana. Neno letu "kaka" lina swali lake jingine: huyu amesimama wapi kwako, nyumbani na moyoni? Kila swali lina jibu lake, na majibu yote mawili ni ya kweli kwa mtu yuleyule.

Nimefanya ukalimani na kufundisha Kiingereza kwa miaka mingi, na naweza kukwambia kwamba neno hili limewaponza watu kuliko maneno magumu ya mahakamani. Neno gumu mtu huliuliza. Neno jepesi hulipita akiamini analijua.

Tuanze na "binamu", maana hapo mama wa kanisani amekosea kwa namna inayoeleweka. Binamu imetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni mtoto wa kiume wa ami, yaani wa ndugu wa kiume wa baba. Ukilifuata neno hadi kwenye mzizi wake, mtu wa kwanza kabisa kuitwa binamu ni huyohuyo mtoto wa baba yako mkubwa! Pwani na Unguja utawasikia watu wakilitumia hivyo, na binamu kuoana si jambo la kushangaza huko. Bara likashika njia nyingine. Watoto wa ndugu wawili wa kiume ni kaka na dada, na watoto wa dada wawili ni hivyohivyo. Jina la binamu likabaki kwa mtoto wa mjomba au wa shangazi, ambaye kwa baadhi ya makabila ndiye mtani wako. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa bara kwamba mtoto wa baba mkubwa ni binamu yako, umemhamisha upande. Uchungu wako umetoka hapo, na una haki nao.

Ila "cousin" haina pande hizo. Inawabeba wote kwa pamoja: mtoto wa baba mkubwa, wa baba mdogo, wa mama mkubwa, wa mama mdogo, wa mjomba, wa shangazi. Ukisema "cousin" ni binamu umeliziba neno kubwa kwa kifuniko cha chungu kidogo. Kuna jambo moja la kupendeza kwenye historia ya maneno haya mawili. Kiingereza kililichukua "cousin" kutoka Kifaransa, na Kifaransa kikalipata kwenye neno la Kilatini consobrinus, ambalo mwanzoni lilimtaja mtoto wa dada wa mama. Binamu lilianzia upande wa baba, "cousin" likaanzia upande wa mama, kisha yote mawili yakatanuka kwa namna yake.

Pengine umefikiri Waingereza hawajawahi kujali kama mtu ni wa upande wa baba au wa mama. Waliwahi. Kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, Kiingereza cha kale kilikuwa na jina la ndugu wa kiume wa baba, fædera, na jina lake mbali la mjomba, eam. Shangazi aliitwa faðu, na dada wa mama aliitwa modrige. Mababu zao wangeelewa bila shida kwa nini sisi tuna baba mdogo na mjomba. Baadaye maneno ya Kifaransa cha watawala, "uncle", "aunt" na "cousin", yakayafunika yale ya zamani na tofauti ikapotea. Hata "cousin" yenyewe ilipoingia ilikuwa pana kuliko ilivyo leo, ikimtaja karibu jamaa yeyote aliye nje ya nyumba yako. Kwenye mchezo wa Shakespeare uitwao Hamlet, mfalme Claudius anamwita Hamlet "cousin" ilhali Hamlet ni mtoto wa kaka yake. Leo Mwingereza angesema "nephew". Maana ilibanwa taratibu mpaka ikabaki hii ya kuhesabu mababu.

Namna yetu ya kuita nayo ina mpango wake, na mpango huo unajulikana na wasomi. Mwanasheria mmoja wa jimbo la New York, Lewis Henry Morgan, alikaa na Wairokwoi, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, akaona kwamba kwao ndugu wa kiume wa baba huitwa baba, na watoto wake huitwa ndugu. Akakusanya majina ya ukoo kutoka jamii nyingi duniani na kuyachapisha mwaka 1871. Mpango huo hadi leo wataalamu wa mila wanauita kwa jina la Wairokwoi, na ndio wa kwetu: kaka wa baba ni baba, hivyo mtoto wake ni kaka yangu, dada wa mama ni mama, hivyo mtoto wake ni dada yangu. Nakueleza haya ili mtu asikwambie kwamba unachanganya mambo. Una mfumo kamili kichwani, na sasa unajifunza wa pili.

Sasa huyo aliyeondolewa. Hakufukuzwa popote, dada. "Removed" hapa ina maana ya kale ya kuwa umbali wa hatua fulani, na hatua zinazohesabiwa ni vizazi. Nilipokuwa nawafundisha watu hesabu hii kwa Kiingereza walikuwa wakipotea, hadi nilipogundua kwamba Kiswahili kimeshaifanya. Sisi tuna mjukuu, kitukuu, kilembwe. Mchukue mzee mmoja, babu yenu huyo wa Fizi. Wajukuu zake wasiochangia mzazi ni "first cousins". Vitukuu vyake wasiokuwa wajukuu wa mtu mmoja wao kwa wao ni "second cousins". Vilembwe, kwa utaratibu huohuo, ni "third cousins". Wote wamesimama ngazi moja.

Wakisimama ngazi tofauti ndipo "removed" inapoingia. Wewe ni mjukuu wa mzee. Mtoto wa kaka yako ni kitukuu chake. Unaanza na aliye karibu zaidi na mzee, yaani wewe mjukuu, hivyo neno ni "first cousin". Kisha unahesabu ngazi zilizo kati yenu: moja. "First cousin once removed." Mwenzako kazini alikuwa sahihi kabisa. Na jina hilohilo hupanda juu pia: mtoto wa shangazi yake baba yako, ambaye wewe ungemwita baba au shangazi kwa heshima zote, naye ni "first cousin once removed" kwako. Watoto wako wewe na watoto wa kaka yako wao ni vitukuu wote, hivyo ni "second cousins". Hapa Wamarekani wenyewe huteleza kila siku, wakimwita mtoto wa "cousin" wao "second cousin". Usijitese na hesabu hii mezani wakati wa chakula. Sema "my cousin's son", kila mtu atakuelewa. Hesabu iweke kwa ajili ya karatasi.

Jambo moja linatugusa sana na vitabu vya darasani havilitaji. Babu akiwa na wake wawili, baba yako akawa wa mke mkubwa na baba mkubwa akawa wa mke mdogo, mnachangia babu peke yake. Kiingereza kina "half first cousin" kwa hilo, kama kilivyo na "half-brother" kwa baba mmoja mama tofauti. Kwenye maongezi hakuna anayelisema. Daktari wa magonjwa ya kurithi na mwanasheria watapenda kulijua.

Kuhusu "cousin brother", mwalimu wako hakukosea kuhusu Kiingereza cha Marekani, ila angekuita pembeni. Msemo huo upo. Unasikika Kenya, Tanzania, India, Pakistani na Nigeria, na uliundwa na watu waliotaka kusema mambo mawili ambayo "cousin" peke yake haiyasemi: kwamba huyu ni mwanamume, na kwamba ni wa karibu. Mmarekani akiusikia hushindwa kujua umesema "cousin" au "brother", na ndiyo maana usiuandike kwenye fomu. Wenzetu wa Congo waliosoma Kifaransa hutaabika zaidi, kwa sababu Kifaransa kina cousin na cousine, mwanamume na mwanamke. Kiingereza hakina. Jinsia inajitokeza kwenye neno linalofuata: "My cousin lives in Tanzania. He is older than me." Na ule ukaribu unausema kwa sentensi nzima: "He is my cousin, but we grew up in the same house. He is like a brother to me." Sentensi hiyo ni ya kawaida, haina aibu, na msikilizaji yeyote atajua umemtaja mtu mkubwa maishani mwako. Kwa maongezi ya kawaida kazini au kwa jirani, ukisema tu "my brother" hujamdanganya mtu. Hakuna anayekuuliza damu pale. Nami nafanya hivyo kwa watoto wa mama mdogo aliyenilea.

Matamshi ni mepesi: sema "ka-zn", s inasikika kama z, na mwisho umeze. Wakiwa wengi ni "cousins". Vijana wa Nairobi wamelikata likawa "cuzo", hilo liache hukohuko.

Tuje kwenye fomu ya hospitali. Hapo Kiingereza kinataka damu, na kina sababu. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja huchangia takriban nusu ya vinasaba vyao, yaani asilimia 50. "First cousins" huchangia takriban asilimia 12.5. Daktari akisikia "sister" mwenye saratani, hesabu yake ya hatari kwako inapanda sana kuliko akisikia "cousin".

Niliwahi kukaa katikati ya mama mmoja na daktari wake, na nabadilisha mambo madogo ili asitambulike. Daktari aliuliza kama kuna ndugu aliyeugua saratani ya titi. Mama akasema, "Dada yangu." Nikatafsiri "my sister". Daktari akaacha kuandika, akainua uso, akauliza umri. Thelathini na minane. Akaanza kueleza vipimo vya vinasaba na picha za kila mwaka, na mama akawa anakunja ncha ya khanga yake, anaikunjua, anaikunja. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na mama yao naye alikufa kwa ugonjwa huo." Mama yao. Nikamwomba daktari ruhusa niulize jambo, nikamgeukia: "Mama, huyo dada ni toka nitoke?" Akanitazama kama niliyeuliza kitu kisicho na maana. "Hapana, ni wa mama mkubwa. Lakini ni dada yangu." Daktari akafuta, akaandika "maternal first cousin", na chini yake "maternal aunt". Vipimo havikufutwa vyote, maana dada wa mama mzazi naye ana uzito wake. Ila mpango mzima ulipangwa upya. Tangu siku hiyo sitafsiri "kaka" wala "dada" kwenye chumba cha daktari kabla sijauliza toka nitoke.

Kwenye "siblings" basi, kama huna ndugu unayechangia naye baba mzazi wala mama mzazi, andika "none". Najua mkono utakuwa mzito. Watoto wanne wa baba mkubwa waandike kwenye sehemu ya "cousins", upande wa baba, "paternal". Kama fomu haina sehemu hiyo, mwambie daktari kwa mdomo ugonjwa wowote mzito ulio kwao. Na omba mkalimani wa hospitali. Usimtumie mtoto wala rafiki kwa mambo ya namna hii.

Suala la kaka yako aliyeko kambini ni zito zaidi, na hapa nakusihi unisikilize kuliko unavyomsikiliza mama wa kanisani, ingawa najua anakutakia mema. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inamruhusu raia mwenye umri wa miaka 21 au zaidi kumwombea "brother" au "sister", na inataka muwe na angalau mzazi mmoja mnayechangia. Mwenye kadi ya ukaazi hawezi kuombea ndugu hadi awe raia. Kwa "cousin" hakuna ombi la kifamilia kabisa. Hata kwa ndugu wa toka nitoke, foleni yake huzidi miaka 10. Sitakupamba: kwa njia hiyo, kwa jinsi ulivyoeleza ukoo wako, mlango haupo.

Ukiandika "brother" ukijua fomu inauliza damu, hilo kwao ni udanganyifu, na halitoki kirahisi. Linaweza kumfungia kaka yako njia ya kuingia kwa maisha yake yote, na kukuharibia ombi lako la uraia lililo karibu. Wakimbizi wana jambo la ziada: kabla hujaja ulihojiwa, na ukoo wako ukaandikwa jina kwa jina. Faili lipo. Watalilinganisha. Mwaka 2008 Marekani ilianza kupima vinasaba vya wakimbizi mjini Nairobi waliokuwa wakiomba kuunganishwa na familia, na matokeo yakaifanya isimamishe mpango huo wa kuunganisha familia mwaka uleule. Ulirudi mwaka 2012 kipimo kikiwa sharti. Wapo waliodanganya. Wapo pia waliosema "mtoto wangu" kwa moyo mweupe juu ya mtoto wa marehemu ndugu yao waliyemlea tangu uchanga, kama baba mkubwa alivyokulea wewe, na wakaonekana waongo kwa sababu hakuna aliyewaeleza neno linamaanisha nini kwenye karatasi ile.

Kuna maswali mawili ambayo mimi siwezi kukujibu na mwanasheria anaweza. La kwanza: je, baba mkubwa aliwahi kukuasili kisheria, kwa amri ya mahakama? Kulea si kuasili mbele ya sheria, lakini kuasiliwa kabla ya kutimiza miaka 16 kunaweza kubadilisha undugu wenu kisheria, kwa masharti yake. La pili: kwenye mahojiano ya kambini, mkalimani aliandika nini? Kama faili lako tayari linasema "brother", usilirekebishe peke yako na usilinyamazie. Nenda kwanza kwa mwanasheria wa uhamiaji, au kwa mtu wa shirika la wakimbizi aliyeidhinishwa rasmi na Wizara ya Sheria ya Marekani kushughulikia kesi hizi. Shirika lililokupokea litakuelekeza, na wengi hutoza kidogo au hawatozi kabisa. Mjaza fomu wa mtaani na mthibitishaji wa saini hawana ruhusa ya kukupa ushauri wa sheria, hata kama wanazungumza Kiswahili kizuri. Uliza pia kama kaka yako ana njia yake mwenyewe kambini isiyopitia kwako. Taratibu hizi hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo nenda sasa, usingoje uraia.

Kabla ya kwenda, chukua karatasi kubwa. Juu kabisa mwandike babu na wake zake. Chini yao baba yako, baba mkubwa na wenzao, kila mmoja chini ya mama yake. Chini yao wewe na wale wanne, kisha watoto wenu. Pembeni ya kila jina andika kwa Kiswahili unavyomwita, na chini yake neno la Kiingereza. Kwa kaka yako utaandika "kaka", na chini yake "first cousin, raised in the same household". Chukua karatasi hiyo kwa daktari, na kwa mwanasheria pia.